Mapumziko Mafupi ya Kampavani katika Pwani ya Uingereza: Namna ya Kuyapanga

Mapumziko ya siku tatu au nne kwa kampavani, yaani gari la umbo la basi dogo lililowekewa ndani kitanda, jiko la gesi, sinki na jokofu, huharibiwa mara nyingi zaidi na wingi wa mambo yaliyopangwa kuliko uchache wake. Msafiri anayeitazama ramani ya Uingereza huiona nchi kuwa ndogo, na kweli ni ndogo, kwani eneo lake bila Scotland na Wales ni kilomita za mraba zipatazo 130,000, ilhali Tanzania inazo zaidi ya 940,000. Kwa hiyo hupanga kuizunguka nusu ya pwani yake katika mwisho mmoja wa juma, na muda wake wote huishia nyuma ya usukani. Msimamo unaotetewa hapa ni kinyume cha huo: msafiri achague kipande kimoja cha pwani kisichozidi kilomita 60, ahakikishe kwanza mahali pa kulala, kisha aziache saa za maji kujaa na maji kupwa zimpangie shughuli za kila siku. Mfano utakaotumika zaidi ni pwani ya Northumberland, kaskazini-mashariki kabisa mwa nchi, mkabala na Bahari ya Kaskazini.

Uchaguzi wa kipande hutegemea mahali gari linapochukuliwa kuliko sifa za mahali panapokwendwa. Anayeanzia London na asiyetaka kuendesha mbali atafaidi pwani ya Norfolk, ambako ardhi ni tambarare, barabara si ngumu, sili huonekana kwa mashua karibu na Blakeney, na kaa wa Cromer huuzwa karibu na walikovuliwa. Anayependa majabali atavutwa na Dorset na Devon mashariki, ambako kipande cha kilomita zipatazo 150 kati ya Exmouth na Studland kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa sababu ya miamba yake yenye mabaki ya viumbe wa kale. Ila majabali hayo hubomoka bila kutoa onyo, na haifai kukaa wala kulaza watoto chini yake. Cornwall husifiwa kuliko kote, na sifa hizo ni za haki, lakini kutoka London hadi Penzance ni zaidi ya kilomita 400, vijia vyake vimebanwa na kingo za mawe na majani pande zote mbili, na mwezi Agosti hujaa watu. Si mahali pa mtu anayeendesha gari la namna hii kwa mara ya kwanza na mwenye siku tatu tu mkononi. Northumberland nayo iko mbali na London, lakini umbali huo hukatwa kwa treni ya takriban saa tatu hadi Newcastle na kukodi gari huko huko, jambo linalomwachia msafiri nguvu zake kwa ajili ya bahari.

Swali la mahali pa kulala ndilo linalowakwaza wengi, kwa kuwa watu hudhani kwamba gari lenye kitanda humpa mwenyewe haki ya kulala popote panapompendeza. Uingereza haina haki hiyo. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, awe mkulima, halmashauri, taasisi ya hifadhi au mtu binafsi, na kulala ndani ya gari katika ardhi hiyo kwahitaji ruhusa yake. Maegesho mengi ya ufukweni yanayoendeshwa na halmashauri yana bango linalokataza kulala usiku, na anayekaidi huweza kutozwa faini au kugongewa dirisha usiku wa manane na kuamriwa aondoke. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwezi Mei mwaka 2025 kuhusu mbuga ya Dartmoor, iliyothibitisha haki ya umma ya kupiga kambi huko bila idhini ya mwenye ardhi, inahusu watembea kwa miguu wenye mahema yao na haiwagusi wenye magari, ingawa wapo wanaoitaja kana kwamba imefungua nchi nzima.

Njia iliyo salama, basi, ni kambi zenye leseni, nazo ni za aina mbili. Kambi kubwa zina mabafu ya maji moto, mashine za kufulia, duka dogo na wakati mwingine uwanja wa kuchezea watoto, na huwafaa wenye familia au wanaoanza. Aina ya pili hujulikana kidogo miongoni mwa wageni, nayo ndiyo yenye raha zaidi: sheria ya mwaka 1960 inayosimamia maeneo ya karavani, yaani matrela ya kulala yanayokokotwa na gari, inaziruhusu jumuiya zilizosamehewa masharti ya leseni, zikiwamo Caravan and Motorhome Club iliyoanzishwa mwaka 1907 na Camping and Caravanning Club iliyoanzishwa mwaka 1901, kuwaidhinisha wakulima na wenye mashamba kupokea magari au karavani zisizozidi tano kwa wakati mmoja. Mara nyingi eneo la namna hiyo ni kona ya malisho yenye bomba la maji na shimo la kumwagia taka za choo, bila bafu, bila taa na bila kelele. Huwapokea wanachama tu, hivyo ada ya mwaka ya uanachama ihesabiwe katika bajeti, ingawa bei ndogo ya kila usiku huirudisha upesi kwa mtu anayesafiri zaidi ya mara moja. Nafasi za siku za likizo ya umma, hasa Jumatatu ya mwisho wa Mei na ya mwisho wa Agosti, pamoja na wiki zipatazo sita za likizo ya shule kuanzia mwishoni mwa Julai, hujaa miezi mingi kabla.

Baada ya kulala, bahari. Wasomaji waliokulia Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja wanajua kwamba bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kwa maji, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwamba maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo, huja siku za katikati. Kanuni hiyo hiyo inatawala Uingereza, ila vipimo hutofautiana mno kutoka mahali hadi mahali. Pwani ya Northumberland inakaribiana na ile ya Mombasa, ambako tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia takriban mita nne. Lakini katika Mlangobahari wa Bristol, upande wa kusini-magharibi, tofauti hiyo hupita mita 12, na maji hurudi juu ya tope kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kufikiri. Katika ghuba ya Morecambe, upande wa kaskazini-magharibi, zaidi ya watu 20 waliokuwa wakiokota kome walifariki dunia usiku wa tarehe 5 Februari 2004 baada ya maji kuwazingira mbali na nchi kavu. Walikuwa wafanyakazi wahamiaji kutoka China, waliopelekwa mahali wasipopajua na watu waliojali mzigo kuliko roho zao, na kisa chao kinatosha kumfanya mgeni yeyote asitembee juu ya mchanga mpana bila kuuliza.

Huko Northumberland, somo la maji liko wazi zaidi katika kisiwa cha Lindisfarne, kiitwacho pia Kisiwa Kitakatifu, ambako mtawa Aidan alianzisha makao ya watawa mwaka 635 na ambako Waviking walishambulia mwaka 793. Barabara ya lami inayokiunganisha kisiwa na bara hufunikwa na bahari mara mbili kila baada ya takriban saa 25, na kila mwaka wapo madereva wanaoona maji bado ni haba, wakajitosa, na kulazimika kuliacha gari na kupanda kwenye kibanda cheupe kilichojengwa juu ya nguzo ndefu kwa ajili ya watu waliokwama, wakisubiri kuokolewa huku gari likielea au kuzama mbele ya macho yao. Halmashauri ya Northumberland hutoa jedwali la saa salama za kuvuka, na jedwali hilo lisomwe kwa makini ya namna tatu. Kwanza, saa zake hazifanani siku mbili mfululizo, kwa kuwa kujaa kwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Pili, saa hizo zimekadiriwa kwa hali ya kawaida ya hewa, na upepo mkali au kushuka kwa kanieneo ya hewa huweza kuyaleta maji mapema na juu zaidi ya ilivyotarajiwa. Anayetoka kisiwani saa nzima kabla ya muda kwisha hapotezi chochote. Tatu, na hili huwapata hata wenyeji, majedwali mengi ya kawaida ya bahari huchapishwa kwa saa za Greenwich, ilhali kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za nchi husogezwa mbele kwa saa moja, hivyo msomaji aangalie juu ya jedwali lake kama saa hiyo imekwisha kuongezwa au bado. Msafiri asipange kulala kisiwani ndani ya gari, kwa maana maegesho yake hayaruhusu.

Kuhusu gari lenyewe, mambo ya kupima ni uzito, kimo na bima. Mgeni mwenye leseni halali ya Kenya, Tanzania au Uganda anaruhusiwa kuendesha magari madogo yasiyozidi kilo 3,500 kwa muda wa miezi 12 tangu alipoingia, na kwa kuwa nchi hizo tatu nazo huendesha upande wa kushoto, anaondokewa na nusu ya hofu ya barabara za ugenini. Mkaazi aliyepitisha miezi hiyo 12 anahitaji leseni ya Uingereza. Kilo 3,500 ni uzito wa gari pamoja na kila kilichomo, wakiwamo abiria, baiskeli, chakula na maji, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, tangi la lita 70 lililojazwa kabla ya safari ni sawa na abiria mmoja wa ziada asiye na sababu ya kubebwa, maadamu kambini kuna bomba. Kampuni za kukodisha nazo zina masharti yake ya umri na ya miaka ya kumiliki leseni, na baadhi hazikubali leseni zote za kigeni, kwa hiyo swali hilo liulizwe kwa maandishi kabla ya kulipa. Katika mkataba wa bima, kitafutwe kiasi ambacho mkodishaji atajilipia mwenyewe endapo ajali itatokea, kwani huweza kuwa pauni mia kadhaa au zaidi, na mara nyingi kioo cha mbele, magurudumu na paa huachwa nje ya bima.

Paa hustahili kutajwa peke yake. Magari madogo ya aina ya Volkswagen Transporter yenye paa la kuinuliwa huwa na kimo cha takriban mita mbili yakiwa yamefungwa, na hupita chini ya vyuma vingi vinavyowekwa kwenye malango ya maegesho. Yale yaliyojengwa juu ya magari marefu ya mizigo hufikia mita 2.6 au zaidi, na hukwama hapo hapo. Kimo cha gari kiandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya dereva, kwa mita na pia kwa futi na inchi. Alama za mwendo nazo ni za maili, na maili moja ni kilomita 1.6: maili 30 kwa saa vijijini na mijini ni takriban kilomita 48, na katika barabara ya kawaida isiyogawanywa katikati kikomo ni maili 60 kwa kampavani zenye uzito mtupu usiozidi tani 3.05, na maili 50 kwa zilizo nzito zaidi. Kwenye vituo vya mafuta, mpira wa dizeli kwa desturi ni mweusi na wa petroli ni wa kijani, na aliyezoea rangi nyingine asome maandishi kabla ya kumimina.

Maisha ya ndani ya gari yanategemea umeme, gesi na maji, na hakuna lililo gumu humo mradi likieleweka mapema. Gari lina betri mbili: ya kuwashia injini, na ya pili ya kulishia taa, pampu ya maji na jokofu, zikiwa zimetenganishwa ili usiku wa taa usije ukazuia injini kuwaka asubuhi. Kambini, waya mrefu wenye plagi ya buluu huchomekwa kwenye nguzo ya umeme, na nguzo hiyo kwa kawaida hutoa ampea 10 au 16. Kwa umeme wa volti 230, ampea 10 ni wati 2,300 tu. Birika la umeme la wati 2,000 likiwashwa pamoja na hita ya wati 1,500, jumla hufika 3,500, swichi ya nguzo hujikata, na wakati mwingine hufungwa ndani ya kisanduku ambacho ufunguo wake anao msimamizi aliyelala. Dawa yake ni kuchemsha chai kwa gesi na kuuachia umeme kazi ya joto. Gesi yenyewe ni ya aina mbili: butani, ambayo huacha kugeuka kuwa mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, na propani, inayofanya kazi hata katika baridi kali, hivyo kuanzia Oktoba hadi Aprili propani ndiyo ya kuaminiwa. Jiko lisitumiwe kamwe kupashia gari joto. Moto ndani ya chumba kidogo kilichofungwa huzalisha monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi inayoua watu usingizini, na kengele ya kuitambua lazima iwemo na ijaribiwe siku ya kulichukua gari. Choo ni cha kemikali, chenye tangi dogo linalovutwa kutoka nje na kumwagwa mahali maalumu palipotengwa kambini, si katika choo cha kawaida wala kwenye mtaro wa mvua. Maji ya kuoshea vyombo nayo yana mahali pake.

Kuogelea kwahitaji neno la tahadhari kwa watu waliozoea Bahari ya Hindi. Hata mwezi Agosti, bahari ya Northumberland huwa na nyuzi 13 hadi 15 hivi za Selsiasi, na maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humshtua mtu kiasi cha kumfanya avute pumzi bila kutaka, na akivuta akiwa chini ya maji huzama hata kama ni mwogeleaji hodari. Aingiaye aingie polepole, na anayeanguka ghafla alale chali na kuelea mpaka pumzi itulie ndipo ajaribu kuogelea. Shirika la hiari la uokoaji baharini la RNLI, lililoanzishwa mwaka 1824 na linaloendeshwa kwa michango ya watu, huweka waokoaji katika fukwe nyingi wakati wa kiangazi, na sehemu iliyo kati ya bendera mbili za rangi nyekundu na njano ndiyo inayolindwa. Bendera nyekundu tupu ni katazo. Wakati wa dharura hupigwa 999 au 112 na kuomba walinzi wa pwani.

Kwa kuyaunganisha hayo, safari ya usiku mara tatu Northumberland huweza kupangwa hivi. Gari lichukuliwe Newcastle mchana wa Ijumaa, na kabla ya kuondoka mjini ununuliwe unga, mchele, viungo na nyama, hasa kwa wanaohitaji nyama iliyochinjwa kwa sharia, kwa sababu vijiji vya pwani ni vidogo na maduka yake machache. Usiku wa kwanza ulalwe karibu na Craster, kijiji kinachosifika kwa heringi waliokaushwa kwa moshi wa mti wa mwaloni, na asubuhi itumike kutembea kwa miguu hadi magofu ya ngome ya Dunstanburgh, mwendo wa kilomita mbili hivi juu ya nyasi kando ya mawimbi. Kutoka hapo hadi Lindisfarne ni takriban kilomita 40 tu, na katikati yake mna Seahouses, bandari ya mashua ziendazo visiwa vya Farne, na Bamburgh, yenye kasri juu ya mwamba na makumbusho ya Grace Darling, binti wa mlinzi wa mnara wa taa ambaye mwaka 1838 alipiga makasia pamoja na babake kuwaokoa manusura wa meli Forfarshire. Usiku wa pili na wa tatu ulalwe mahali pamoja jirani na Bamburgh, ili siku moja iwe ya mashua na nyingine ya Lindisfarne. Ipi itangulie ni jambo la kuamuliwa na jedwali la kuvuka pamoja na upepo, kwani mashua haziendi bahari ikichafuka. Kabla ya kulirudisha gari, tangi la choo na la maji ya kuoshea vyombo yamwagwe, mafuta yajazwe, na picha za kila upande zipigwe mbele ya mwenye gari, kama zilivyopigwa siku ya kulichukua.

Kuhusu majira, mwezi Juni jua huchwa karibu saa nne usiku na kuchomoza saa kumi na nusu alfajiri, na usiku hauingii giza kamili, jambo ambalo wanaoswali wanapaswa kulitazama mapema katika ratiba ya msikiti wa Newcastle, kwani muda kati ya Isha na Alfajiri huwa mfupi mno. Mei na Juni ndiyo miezi ya pafini, ndege weusi kwa weupe wenye mdomo wa rangi kali, ambao hutaga katika visiwa vya Farne na kuondoka kufikia mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Septemba haina ndege hao, lakini shule zimefunguliwa, bei za kukodi gari zimeshuka, nafasi kambini zinapatikana, na maji ya bahari bado yana joto lililokusanywa kiangazi kizima. Kwa familia yenye watoto wa shule, wiki ya likizo ya mwisho wa Mei ndiyo bora kuliko Agosti, mradi kambi iwekewe nafasi tangu majira ya baridi; kwa mwingine yeyote anayekwenda kwa mara ya kwanza, wiki mbili za kwanza za Septemba ndizo za kuchagua.